Mizani Haikusogea

Mwenye ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini huwa wa mwisho kuujua. Anayeujua ni mkewe, mumewe, ndugu anayelala naye chumba kimoja, au abiria wa kiti cha jirani katika basi la usiku. Wao ndio wanaousikia mkoromo ukipanda, ukizidi kupanda, kisha ukakatika ghafla. Zinapita sekunde 10, 20, wakati mwingine zaidi ya 30. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Halafu mlalaji anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo, anajigeuza upande, na mkoromo unaanza upya. Asubuhi anaamka kinywa kimemkauka na kichwa kizito, na akiulizwa anajibu kwamba alilala fofofo.

Katika nyumba nyingi jambo hili hugeuzwa mzaha. Anayekoroma huambiwa amechoka, au ameshiba sana, au mambo yake yamemnyookea. Akishtuka kama aliyekabwa, wanasema kakamatwa na jinamizi. Miaka inapita hivyo. Kisha presha inagoma kushuka hata kwa dawa tatu, au anasinzia akiwa ameshika usukani, na hapo ndipo daktari anauliza swali ambalo halikuwahi kuulizwa: je, unakoroma?

Koromeo, pale nyuma ya ulimi, ni sehemu ya njia ya hewa isiyo na mfupa wala gegedu la kuishikilia. Pua ina mifupa yake, na bomba linaloshuka mapafuni lina pete za gegedu. Koromeo ni nyama tupu, na kinachozuia kuta zake zisikutane ni misuli. Mchana misuli hiyo iko kazini bila sisi kujua. Usiku inalegea. Mwenye nafasi ya kutosha kooni hapati shida yoyote. Lakini kwa mwenye shingo nene, taya dogo, ulimi mkubwa au mafuta yaliyojikusanya kandokando ya koo, kulegea huko kunatosha kuifanya njia ijifunge anapovuta pumzi, kama mrija laini unavyobonyea mnywaji akinyonya kwa nguvu.

Pumzi ikikatika, oksijeni inashuka katika damu. Ubongo unalazimika kumwamsha mwenyewe kwa sekunde chache, asikumbuke, ili misuli ishike tena. Homoni za hofu zinamwagika na presha inaruka. Madaktari huhesabu ni mara ngapi kwa saa pumzi inakatika kabisa au inapungua sana. Mara 5 hadi 14 ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi 29 ni wa kati, na 30 kwenda juu ni mkali. Mara 30 kwa saa maana yake ni kila baada ya dakika mbili, usiku kucha, mwaka baada ya mwaka. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa watu wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana tatizo hili kwa kiwango fulani, na milioni 425 kati yao wanalo kwa kiwango cha kati au kikali.

Tiba kuu ilipatikana Australia. Mwaka 1981, Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walichapisha katika jarida la Lancet habari za wagonjwa 5 waliolala huku hewa ikisukumwa puani mwao kwa mgandamizo mdogo usiokoma, ukaliweka koo wazi. Kabla ya hapo mwenye ugonjwa mkali alikuwa na njia moja tu ya uhakika, nayo ni kutobolewa tundu shingoni. Mashine hiyo, CPAP, bado ndiyo tiba ya kwanza duniani, na sitaki msomaji yeyote amalize sura hii akidhani kwamba naipinga. Inaanza kazi usiku ule ule wa kwanza, na wapo watu waliorudishiwa akili zao za mchana kwa sababu yake.

Shida ni kuivaa. Katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2016, watu 2,717 wenye maradhi ya moyo au ya mishipa ya ubongo pamoja na ugonjwa huu wa usingizi waligawanywa, nusu wakapewa mashine. Waliopewa walijisikia vizuri zaidi mchana na usingizi wa ovyo ulipungua. Lakini kwa wastani waliivaa kwa saa 3.3 tu kwa usiku, na mishtuko ya moyo na viharusi havikupungua. Hao walikuwa watu waliopewa mashine na kufuatiliwa. Kwetu anayeambiwa anunue mashine anaanza kuhangaika na bei, na akishaipata anabaki na hofu ya umeme. Ukikatika saa nane za usiku, tiba imekatika nao.

Basi mgonjwa anapewa ushauri wa pili: punguza uzito. Ushauri huu ni sahihi, na takwimu zake ziko wazi. Watafiti wa Wisconsin, Marekani, waliowafuatilia watu wazima kwa miaka, walionyesha mwaka 2000 kwamba aliyeongezeka uzito kwa asilimia 10 alitarajiwa kuongezeka kukatika pumzi kwa asilimia 32, na aliyepungua kwa asilimia 10 alitarajiwa kupata nafuu ya asilimia 26. Kinachoharibika ni kinachofuata baada ya ushauri. Mtu anaanza kutembea alfajiri. Anavumilia jua, vumbi na bodaboda zinazompunguzia njia. Kila Jumamosi anapanda kwenye mizani. Mwezi wa kwanza kilo moja, wa pili imerudi, wa tatu palepale. Anajiambia mazoezi hayamsaidii, na viatu vinarudi uvunguni. Yeye ndiye hasa ninayetaka aisome sura hii, kwa sababu aliacha tiba iliyokuwa ikimsaidia, na mizani ndiyo iliyomdanganya.

Mwaka 2011 jarida la Sleep lilichapisha jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha South Carolina na Christopher Kline na wenzake. Walichukua watu 43, wa umri wa miaka 18 hadi 55, wenye uzito uliozidi, wasiofanya mazoezi, na wote wakiwa na ugonjwa wa kiwango cha kati au kikali ambao haujaanza kutibiwa. Wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilifanya mazoezi siku 4 kwa wiki: dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho la wastani, na siku 2 kati ya hizo wakanyanyua vyuma pia. Kundi la pili lilikutana mara 2 kwa wiki kunyoosha viungo tu, ili nao wawe na mahali pa kwenda na mtu wa kuwaangalia. Mpango huo ulidumu wiki 12.

Kundi la kunyoosha viungo ni jambo la maana kuliko linavyoonekana. Mtu yeyote anayejaliwa, anayepigiwa simu, anayehudhuria mahali kwa wiki 12, huelekea kusema anajisikia nafuu. Bila kundi kama hilo usingejua kama kilichofanya kazi ni mwendo au ni kujaliwa. Na usiku, vipimo vya usingizi havimsikilizi mtu anavyojisikia. Vinahesabu pumzi.

Matokeo yalikuwa haya. Waliofanya mazoezi walianza na wastani wa mara 32.2 kwa saa, wakamaliza na 24.6. Walionyoosha viungo walianza na 24.4, wakaishia 28.9. Kushuka kwa oksijeni damuni nako kulipungua kwa waliofanya mazoezi, na usingizi wao ukawa bora. Katika ripoti iliyofuata mwaka 2012, watafiti walieleza kuwa dalili za sonona na uchovu zilipungua, na nguvu za mwili zikaongezeka. Na uzito? Haukubadilika kwa kiasi cha maana katika kundi lolote. Mizani iliyowapima siku ya kwanza iliwapima siku ya mwisho, ikatoa karibu jibu lile lile, huku makoo yao yakifunga mara chache zaidi kila saa.

Watu 43 ni wachache, na ningesita kuandika sura nzima kwa jaribio moja. Mwaka 2014 Kline na wenzake wawili walikusanya tafiti 5 zilizokuwapo, zenye washiriki 129 kwa jumla. Kwa kuziunganisha, kukatika pumzi kulipungua kwa asilimia 32, uwezo wa mwili kutumia oksijeni ukapanda, kusinzia mchana kukashuka, na badiliko la uzito lilikuwa dogo mno kuweza kueleza nafuu hiyo. Hapo swali linabadilika. Kama mafuta hayakuondoka, ni nini kilichoondoka kooni?

Jibu linalonivutia kuliko yote lilitoka Toronto, Kanada, katika maabara ya T. Douglas Bradley, na linaanzia miguuni. Mtu anayekaa kitini kutwa hukusanya maji katika miguu yake. Huhitaji kuwa mgonjwa. Tazama alama ya soksi kwenye vifundo vya miguu jioni. Misuli ya mashavu ya miguu ndiyo pampu inayoirudisha damu na majimaji juu kuelekea moyoni, na asiyetembea pampu yake imesimama. Anapolala, mwili unakuwa sawa kitandani, na maji yaliyokaa chini mchana kutwa yanaanza kupanda. Sehemu yake inafika shingoni. Tishu za shingo zinajaa, na koo linabanwa kwa nje.

Mwaka 2009 timu hiyo ilieleza ilichokiona kwa wanaume 23 wasio wanene. Kadiri maji mengi yalivyohama kutoka miguuni usiku, ndivyo shingo ilivyonenepa kufikia asubuhi na ndivyo pumzi ilivyokatika mara nyingi zaidi. Na waliohamisha maji mengi walikuwa wale waliokaa kitini kwa muda mrefu mchana. Miaka miwili baadaye, wagonjwa wenye mishipa ya miguu isiyorudisha damu vizuri walivaa soksi za kubana kwa wiki moja tu. Kukatika pumzi kulishuka kutoka 48.4 hadi 31.3 kwa saa. Soksi za miguuni zikafungua koo! Ukikumbuka kwamba hakuna aliyeguswa shingo wala kupewa dawa, ni moja ya matokeo mazuri sana katika elimu hii ya usingizi.

Kilichobaki kilikuwa kuonyesha kwamba mazoezi yanaweza kufanya kazi ya soksi. Mwaka 2016 Monique Mendelson, Bradley na wenzao walitangaza jaribio la wagonjwa 34 wenye maradhi ya mishipa ya moyo na pia kukatika pumzi usingizini. Nusu walifanya mazoezi ya mwendo kwa wiki 4. Kwao, pumzi zilizokatika zilishuka kutoka 31.1 hadi 20.5 kwa saa. Maji yaliyohama kutoka miguuni usiku yalipungua kutoka mililita 579 hadi 466, na njia ya hewa ilibaki na nafasi kubwa zaidi asubuhi kuliko ya wenzao wasiofanya mazoezi. Wiki 4 tu, kwa watu wenye moyo mgonjwa, chini ya uangalizi. Mililita mia na kidogo ni pungufu ya nusu ya glasi ya maji, lakini koromeo lenyewe ni njia nyembamba, na hapo kila milimita ina kazi yake.

Ndiyo maana nawaambia wanaofanya kazi za kuketi kwamba tiba yao haianzi jioni kwenye uwanja wa mazoezi. Inaanza saa tano asubuhi, wanapoinuka kitini na kuzunguka jengo mara moja. Karani, mshonaji, muuza duka, dereva wa daladala anayesubiri foleni ya abiria, wote wana nafasi ya kusimama, kujiinua kwa vidole vya miguu mara 20, kisha kurudi kazini. Ni jambo dogo na halimgharimu mtu senti.

Maelezo mengine yanahusu misuli ya koo yenyewe. Unapopanda mlima au kukimbia, si mapafu pekee yanayohangaika; misuli inayofungua koromeo nayo inavuta kwa nguvu zaidi kila pumzi. Kwamba misuli hiyo inafundishika, hilo limethibitishwa kwa njia ya moja kwa moja. São Paulo, Brazili, mtaalamu wa tiba ya usemi Kátia Guimarães aliwapa wagonjwa wa kiwango cha kati mazoezi ya ulimi, kaakaa laini na mashavu, kiasi cha dakika 30 kila siku kwa miezi 3. Wagonjwa walikuwa 31, na karibu nusu yao walipewa mazoezi ya kuvuta pumzi tu. Kwa waliofanya mazoezi ya koo, idadi ilishuka kutoka 22.4 hadi 13.7 kwa saa. Mzingo wa shingo ulipungua kwa sentimita 1 hivi, ingawa uzito ulikuwa ule ule. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009.

Uswisi walitumia ala ya muziki. Mwalimu wa dijeridu, lile baragumu refu la mbao la wenyeji wa Australia, aligundua kwamba yeye na wanafunzi wake walizidi kupungua kukoroma kadiri walivyoendelea kupuliza. Watafiti wa Zurich walilichukua jambo hilo kwa uzito. Waliwapa watu 14 masomo ya kupuliza, wengine 11 wakabaki kwenye orodha ya kusubiri. Kwa miezi 4 wanafunzi hao walipuliza karibu siku 6 kwa wiki, dakika 25 hivi kwa siku. Usingizi wa mchana ulipungua, pumzi zilizokatika zilipungua kwa 6.2 kwa saa zaidi ya waliosubiri, na waliolala nao walishukuru. Jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi hiyo mwaka 2006. Pwani yetu ina wapuliza zumari, na bara kuna wapuliza tarumbeta za harusi. Sijui makoo yao yakoje usiku, lakini ningependa mtafiti mmoja wa hapa nyumbani akawapime.

Tuseme pia usingizi wenyewe. Katika usingizi mzito koo huwa tulivu zaidi kuliko katika usingizi mwepesi, na mtu aliyetoka jasho mchana huelekea kulala usingizi mzito zaidi. Na mazoezi hupunguza mafuta ya ndani ya tumbo hata pale kilo zinapobaki palepale, kwa kuwa misuli inayoongezeka ina uzito wake. Mizani haiwezi kutofautisha. Kamba ya kupimia kiuno inaweza.

Ninayoyasema hayana maana kwamba uzito haujalishi. Ushahidi mzito kuliko wote nilioutaja ni wa Granada, Hispania, uliochapishwa mwaka 2022, na huo uliunganisha mambo yote. Wanaume 89 wenye ugonjwa wa kati au mkali, wanaotumia CPAP, waligawanywa. Kundi moja liliendelea na mashine peke yake. Lingine liliongezewa wiki 8 za mafunzo ya chakula, mazoezi ya mwendo, taratibu za kulala, na kuachana na pombe na sigara. Waliofundishwa walipungua kilo 7 hivi. Kukatika pumzi kwao kulishuka kwa asilimia 51. Miezi 6 baadaye nafuu ilikuwa asilimia 57, na 62 kati ya kila 100 hawakuhitaji tena mashine. Karibu 3 kati ya 10 walikuwa wamepona kabisa kwa vipimo. Hapakuwa na upasuaji wala sindano. (Sindano nayo imefika: Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya tirzepatide kwa wanene wenye ugonjwa huu, na matokeo yake ni makubwa, ila bei yake kwa wengi wetu bado ni ndoto.)

Kwa hiyo mwenye kuweza kuunganisha chakula na mazoezi aunganishe. Ninachokataa ni kule kumwambia mtu mazoezi ni njia tu ya kupunguza kilo, ili kilo zikigoma aone hana alichopata.

Ninakataa vilevile kuyapamba mazoezi kuliko yanavyostahili. Rudi kwenye zile tarakimu za South Carolina. Kutoka 32.2 hadi 24.6 ni nafuu ya kweli, lakini mtu wa mara 24 kwa saa bado ni mgonjwa anayehitaji tiba. Mazoezi peke yake yanaweza kumtosha mwenye ugonjwa mwepesi. Mwenye ugonjwa wa kati yanampunguzia mzigo. Mwenye ugonjwa mkali yanamsaidia akiwa kwenye mashine, na hayachukui nafasi yake. Wapo pia watu wembamba ambao taya lao dogo ndilo chanzo, nao watahitaji kifaa cha mdomoni cha kusogeza taya mbele, au daktari wa upasuaji. Na mtoto anayekoroma na kukatika pumzi mara nyingi ana mafindofindo makubwa. Huyo usimkimbize uwanjani, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Sasa uanze wapi? Anza na kipimo. Hospitali kubwa za mijini zina vifaa vya kupima usingizi, vingine vya kwenda navyo nyumbani. Ukikosa kabisa, mwombe anayelala nawe akurekodi kwa simu usiku, kisha umpelekee daktari rekodi hiyo; kwa daktari makini hiyo ni habari tosha ya kuanzia. Pima presha na sukari siku hiyo hiyo. Mwenye maumivu ya kifua, presha iliyo juu sana au miguu iliyovimba isivyo kawaida asianze mazoezi yoyote kabla ya kuangaliwa.

Kisha tembea. Dakika 150 kwa wiki, kiasi kile kile cha South Carolina, ni dakika 30 kwa siku 5. Mwendo uwe wa haraka kiasi kwamba unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kumwimbia. Ambaye hajafanya mazoezi miaka mingi aanze na dakika 10, aongeze kila wiki. Siku 2 kati ya hizo, ongeza mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, kujisukuma ukutani au sakafuni, kunyanyua ndoo yenye maji kwa mikono yote miwili. Klabu za jogging za mitaani zimewainua watu wengi, na nazipenda kwa sababu mtu haachwi peke yake. Lakini kukimbia kilomita 10 Jumapili moja na kuketi siku 6 hakujazi kipimo hiki. Miguu inajaa maji kila siku, na kila siku inahitaji kutembezwa.

Wanawake wengi wataniambia hawana nafasi wala usalama wa kutembea alfajiri peke yao, nao wana haki. Ngazi za nyumba, ua wa nyumbani, kikundi cha majirani 4 wanaotoka pamoja jioni, vyote vinafaa. Mwili hauulizi ulitembea wapi. Ugonjwa huu huongezeka kwa wanawake baada ya hedhi kukoma, na hukosewa zaidi kwao, kwa sababu mara nyingi wao hulalamikia uchovu na kukosa usingizi kuliko mkoromo. Dada yeyote aliyeambiwa ana mawazo tu, na huku anaamka amechoka kuliko alivyolala, aulize kuhusu kipimo hiki.

Acha pombe ya usiku, kwa maana inalegeza misuli ile ile tunayojaribu kuiamsha. Lala kwa ubavu. Na baada ya miezi 3 rudi ukapimwe tena. Mgonjwa asiivue mashine kwa sababu tu anajisikia mwepesi; aivue siku kipimo kitakaporuhusu na daktari atakapokubali. Wale wa Granada walioacha mashine waliiacha kwa kipimo.

Yupo mtu mmoja ambaye sitaki asubiri miezi hiyo 3. Ni dereva wa basi la mikoani, wa lori la kwenda mpakani, au wa gari la shule, ambaye kope zimeanza kumshuka mchana kweupe huku nyumbani wanasema anakoroma na kukatika pumzi. Mazoezi yatamsaidia baadaye. Leo aegeshe gari, amwambie tajiri wake ukweli, na aende hospitali wiki hii hii. Na wewe unayelala naye, unayesikia kile kimya kila usiku, usimwachie yeye uamuzi. Mpeleke.